Kabla ya kuleta ndege ya kivita Forodhani, tazameni Binbrook, kisha tazameni Tunguu

Mhariri,

Assalamu alaykum. Kila yanapozuka mazungumzo ya kuupamba mji wetu kwa vyombo vya zamani, hatokosi mtu wa kupendekeza itafutwe ndege ya kivita iliyostaafu, isimamishwe juu ya nguzo ufukweni, watoto waione na wageni wapige picha. Sisi tunaoandika barua hii ni mafundi wa matengenezo ya ndege hapa Unguja. Tunazipenda ndege, na kwa mapenzi hayo hayo tunaomba wazo hilo lisitekelezwe kwa namna hiyo. Jeti iliyowekwa mbele ya bahari bila ratiba ya matunzo inaanza kuoza tangu siku ya mwanzo, na inaozea ndani, pasipoonekana.

Anayependekeza jambo hili kwa kawaida hutaja vijiji vya Ulaya vilivyobaki na ndege zao baada ya jeshi kuondoka. Mfano ni mzuri, lakini usomwe mpaka mwisho. Tuchukue Binbrook, kijiji kilichopo juu ya vilima vya Lincolnshire, mashariki ya Uingereza. Kiwanja chake cha kijeshi kilifunguliwa 1940 kwa ajili ya ndege za mabomu, na kuanzia 1943 kikosi cha 460 cha Australia kilirusha Lancaster kutoka hapo. Hata hivyo, kwa watu wa ndege jina la Binbrook linakwenda pamoja na English Electric Lightning, jeti ya kivita ya Kiingereza. Kikosi cha 5 kilianza kuzitumia hapo 1965, kikosi cha 11 kikahamia 1972, na zikabaki mpaka 1988. Hiyo ni miaka 23 ya ndege ya aina moja katika sehemu moja. Jeshi lilipoondoka, nyumba za wanajeshi na familia zao ziligeuka kijiji kipya kinachoitwa Brookenby.

Uhusiano uliojengeka pale ulikuwa wa kazi. Ndege zilikaa tayari mchana na usiku, zimejazwa mafuta na makombora, zipae ndani ya dakika chache pindi ndege za Kisovieti zikionekana juu ya Bahari ya Kaskazini. Waliozifungua, wakazifunga na kuzibadilisha tairi walikuwa wakiishi nyumba za jirani. Kwa hiyo Lightning F6 yenye namba XR724 iliporudi Binbrook 1992, ikiruka kwa injini zake yenyewe, ilifika mahali ambapo watu walijua kila kifuniko kinafunika nini. Ndege mbili nyingine zilizowahi kuwa Binbrook, XR728 na XS904, zilifikishwa Bruntingthorpe, ambacho nacho ni kiwanja cha zamani cha kijeshi, na huko watu wa kujitolea waliziweka katika hali ya kuwashwa injini na kukimbizwa kwenye njia ya kurukia bila kupaa. Walikwenda mpaka Wattisham wakalifungua banda la ndege za zamu lililokuwa huko, wakalisafirisha na kulisimamisha upya, ili ndege zao zipate paa.

Sasa utazame upande wa pili. Lightning nyingine nyingi za Binbrook zilikatwa vipande na kuuzwa kama vyuma chakavu. Lightning nyingine, ya aina ya F2A na yenye namba XN728, ilisimama miaka mingi kando ya barabara kuu ya A1 karibu na Newark, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Ilichorwachorwa na kung'olewa vifaa, ikabaki mzoga wa kutazamwa na wapita njia. Ndege ni ile ile, nchi ni ile ile, hali ya hewa ni ile ile. Kilichotofautiana ni mikono ya watu na paa.

Ni vyema pia msomaji ajue ndani ya ndege ya namna hii kuna nini, maana kwa mbali inaonekana kama bomba la bati lenye mabawa. Lightning F6 ina urefu wa mita 16.84, upana wa mabawa mita 10.62, na ikiwa tupu ina uzito wa takriban tani 14. Injini zake mbili, Rolls-Royce Avon, zimepangwa moja juu ya nyingine, ya chini ikiwa imetangulia mbele, zote zikivuta hewa kupitia tundu moja la puani lililozunguka rada. Mabawa yamerudi nyuma kwa digrii 60. Ilikuwa ndege ya kwanza ya Uingereza kufikia kasi maradufu ya sauti, Novemba 1958. Ili iweze hayo, kila nafasi ilibanwa. Bawa ni jembamba, kwa hiyo tairi nazo zikawa nyembamba, zikijazwa upepo kwa nguvu kubwa na kulika upesi. Mafuta yalikosa pa kukaa, yakawekwa hata ndani ya flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua. Tangi jingine likabandikwa tumboni. Mabomba ya mafuta na ya haidroliki yakapita karibu na injini zenye joto, na yakivuja juu, matone huteremka kwenye sehemu za moto za chini. Lightning nyingi zilipotea kwa moto wa namna hiyo.

Tarehe 14 Novemba 2009, Lightning ya viti viwili iliyokuwa mikononi mwa raia ilianguka katika maonesho ya ndege ya Overberg, Afrika Kusini. Moto ulizuka sehemu ya nyuma, rubani hakuweza kujirusha, akafariki. Tunalitaja kwa kuwa wapo wanaodhani ndege ya zamani ni sanamu. Hata isiyoruka inabaki na vitu vinavyoua.

Cha kwanza ni kiti cha kujirusha, kinachomtoa rubani nje ya ndege ikipata hatari. Kiti cha kampuni ya Martin-Baker kina vidonge vya baruti vya kukitoa ndani ya ndege, vya kukifyatulia mwavuli wake mdogo, na mara nyingi kuna vingine vya kuondoa kifuniko cha kioo. Baruti iliyokaa muda mrefu haipungui hatari, inakuwa haitabiriki. Mtoto akivuta mpini wa manjano, mambo yamekwisha. Vidonge hivyo, pamoja na vile vya mitungi ya kuzimia moto na vya kudondosha matangi ya nje, vitolewe na wataalamu wa silaha wa nchi inayotoa ndege, kabla haijapandishwa melini, na cheti cha kila kidonge kilichotolewa kije na ndege. Fundi wa injini asivisogelee, hata awe hodari vipi.

Cha pili ni mafuta ya kuwashia. Lightning za mwisho ziliwashwa kwa kimiminika kiitwacho isopropili naitreti. Kinaungua bila kuhitaji hewa ya nje, kwa hiyo kukifunika hakukizimi. Tangi lake lisafishwe na mabomba yapulizwe. Matangi ya mafuta ya taa ya ndege nayo, hata yakionekana makavu, hubaki na mvuke. Asije mtu na mashine ya kuchomelea kabla matangi hayajafunguliwa, yakapulizwa hewa na kupimwa kwa kipima gesi.

Vilivyobaki havilipuki lakini vinadhuru taratibu. Mishale na namba za saa za zamani zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao umekufa lakini mnunurisho, yaani mionzi isiyoonekana, upo. Kioo kikipasuka, vumbi lile lisivutwe puani. Vipimwe na Tume ya Nguvu za Atomiki, na kilichozidi kiondolewe. Breki, gasketi na mablanketi ya kuzuia joto huwa na asbesto. Na ile rangi ya chini ya kijani-manjano inayoonekana ya juu ikibanduka ina kromati, ambayo husababisha saratani. Usiipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya vumbi laini, na maji machafu yakusanywe, yasiachwe yakaingia ardhini karibu na kisima.

Sasa tuje kwenye munyu, yaani chumvi ya bahari, maana hapa ndipo kisiwa chetu kinapoachana na Binbrook.

Aluminiamu hujilinda yenyewe. Ikiguswa na hewa hufanya ngozi nyembamba sana inayozuia ulikaji. Munyu huitoboa ngozi hiyo. Na aluminiamu ya ndege si safi: huchanganywa shaba au zinki ili iwe na nguvu, na mchanganyiko huo ndio unaoifanya ilike kwa urahisi. Utaona kwanza unga mweupe kwenye vichwa vya ribiti. Kisha rangi inavimba kama lengelenge. Ukibonyeza, bati linachambuka kurasa kwa kurasa mithili ya msahafu ulioloa. Ukifika hapo hakuna rangi itakayoponya; kipande kinakatwa na kubadilishwa. Penye bolti ya chuma cha pua iliyopita kwenye aluminiamu, ulikaji unakwenda mbio zaidi, kwa kuwa metali mbili tofauti zikiunganishwa na maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Magineziamu, iliyotumika kwenye magurudumu na maganda ya gia za ndege nyingi za wakati ule, inaliwa upesi kuliko zote.

Hapa kwetu unyevunyevu hauondoki. Kaskazi na kusi zote zinapita baharini kabla ya kutufikia, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Kinyume na wanavyodhani wengi, masika si adui mkubwa wa sehemu za nje za ndege. Mvua inausafisha munyu. Sehemu zinazoliwa zaidi ni zile zisizofikiwa na mvua: chini ya tumbo, ndani ya mashimo ya magurudumu, nyuma ya flapu, ndani ya tundu la kuvutia hewa. Huko munyu unatulia, usiku unavuta unyevu, mchana unakauka kidogo, na kesho tena.

Tiba ni kuosha. Miongozo ya matengenezo ya ndege hugawa mazingira katika mafungu: mepesi, ndege huoshwa kila siku 90; ya kati, kila siku 45; makali, kila siku 15. Pwani ya joto ni makali. Sabuni iwe ya ndege, isiyo na asidi wala magadi. Paka sabuni kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye bati kavu, kisha suuza kuanzia juu kwenda chini. Mpira wa maji wa kawaida unatosha. Mashine ya shinikizo kubwa husukuma munyu ndani ya viungo na kung'oa mpira wa kuzibia. Na maji yenyewe yachunguzwe. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya munyu, na mtu akioshea hayo anaongeza kile anachotaka kukiondoa. Kipima chumvi cha mkononi kinatosha kuamua. Tangi la kuvuna mvua ya masika chini ya paa lenyewe la banda lingekuwa jibu zuri.

Baada ya kuosha, matundu ya kutolea maji yaliyoko chini ya tumbo na mabawa yazibuliwe kwa kijiti cha plastiki, moja baada ya jingine, huku mtu akiweka alama kwenye mchoro. Majani ya mwarobaini, viota vya nyigu na vumbi huyaziba. Ndege iliyozibwa matundu hugeuka pipa, na maji ndani yake hayasikiki wala kuonekana mpaka kiunzi kimeshaliwa.

Tunajua pia mikono yetu ya Kiswahili itakimbilia dawa za majahazi. Shahamu na chokaa inalinda ubao usiliwe na viduduvidudu vya baharini, na sifa, yaani mafuta ya papa, inaupa ubao uhai, lakini vyote viwili ni sumu kwa ndege. Chokaa ni kali kwa aluminiamu, huiyeyusha. Mafuta ya samaki na ya nazi huchacha yakawa asidi, na yananasa vumbi lenye munyu. Utumike mchanganyiko wa nta wa kuzuia kutu uliotengenezwa kwa ndege, unaopenya kwenye viungo, na grisi mpya kwenye bawaba. Usugue na brashi ya nailoni. Nyuzi za chuma huacha vipande vinavyoota kutu juu ya aluminiamu. Na wale wanaopenda ndege ing'ae wafahamu kuwa bati lake lina ngozi nyembamba ya aluminiamu safi juu. Kila ukiling'arisha unaipunguza.

Kwa sababu hiyo hiyo ya chokaa, ndege isigusane na zege. Isimame juu ya stendi za chuma zilizopakwa rangi, zenye mpira kati ya chuma na bati, kwenye sehemu zile zile za jeki zilizowekwa na mtengenezaji, ili tairi na miguu visibebe tani 14 miaka nenda miaka rudi. Zege la msingi lisitumie mchanga wa pwani; munyu wake huozesha nondo ndani, na siku nguzo ikipasuka ndege iko juu ya vichwa vya watu.

Paa ni lazima. Makuti yanapunguza joto, lakini yanaleta panya, yanashika moto, na maji yanayodondoka yakipita humo huchafua bati. Bati la aluminiamu lenye ubavu wazi upande usioelekea bahari linafaa zaidi. Nyavu ziwekwe kwenye tundu la mbele na mabomba ya nyuma, kwa ajili ya kunguru. Hawa kunguru wa Kihindi hujenga viota kwa waya, na kinyesi chao kinakula rangi.

Kuhusu kuisafirisha, tuseme machache. Kontena la futi 40 lina nafasi ya ndani ya takriban mita 12 kwa urefu na mita 2.35 kwa upana, kwa hiyo kiwiliwili cha Lightning hakiingii kikiwa kizima. Muuzaji atashawishika kukata mabawa kwa msumeno. Yakikatwa hivyo, nguvu ya kiungo haitarudi tena, na maji yatapata mlango mpya. Yafunguliwe bolti kwa bolti, kila bolti kwenye mfuko wenye namba. Kibali nacho si cha ofisi moja ya mji: ulinzi ni jambo la Muungano, na nchi inayotoa ndege ya kivita, hata chakavu, hutaka uthibitisho wa mtumiaji wa mwisho.

Sasa swali letu kwa wanaopendekeza: ndege hiyo inamhusu nani hapa? Binbrook waliitunza Lightning kwa kuwa ilikuwa yao. Sisi tuna historia yetu ya anga, na haihitaji kununuliwa ng'ambo. Tunguu palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu anga za juu. Kilikuwa na mitambo ya kupokea vipimo na sauti, na katika mtandao ule uliozunguka dunia kilikaa baada ya Kano, Nigeria, na kabla ya meli iliyowekwa Bahari ya Hindi. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, chombo chake kilipita katika zamu ya Zanzibar. Watu walikuwa na hofu wakati kile kituo kinajengwa, wakidhani ni cha roketi za vita, na hofu hiyo nayo ni sehemu ya historia. Kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Ni wanafunzi wangapi wa skuli zetu wanaopita Tunguu leo na kulijua hilo?

Tunguu iko katikati ya kisiwa, mbali na rasharasha za mawimbi, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo hapo hapo. Kama lipo banda la kujengwa kwa ajili ya kumbukumbu ya anga, lijengwe huko. Lianze na ramani ya mtandao wa Mercury, redio na antena za wakati ule, na vifaa vya kiwanja cha ndege cha Kisauni vilivyostaafu. Ikija kupatikana ndege baadaye, itakuta paa, maji yasiyo na munyu na vijana wanaojifunza kwa kuigusa. Tumeshaona sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la 1883, ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lile lilikuwa letu na sote tulilijua thamani yake, na bado matunzo yalichelewa.

Asiyetuamini juu ya munyu apime mwenyewe. Akate vibao tisa vya bati la aluminiamu la ndege, sentimita 10 kwa 15, avisafishe kwa spiriti, avipime uzito kwa mizani ya maabara na kuvichonga namba. Vitatu vifungwe Forodhani, vitatu Kisauni, vitatu Tunguu, kwenye fremu ya mbao yenye mlalo wa digrii 45, kwa vishikizo vya plastiki ili visigusane na chuma, na juu pawe wazi. Baada ya mwaka mmoja kamili, ili kaskazi na kusi zote zipite, vishushwe, unga uondolewe kwa dawa ya maabara isiyokula bati lenyewe, na vipimwe tena. Maabara ya skuli ya sekondari yenye mizani nzuri inaiweza kazi hiyo, na sisi tuko tayari kutoa vibao na kuwaelekeza wanafunzi namna ya kuvifunga.

Wenu,
Mafundi wa matengenezo ya ndege,
Kisauni, Unguja